King'ora cha Pili

Madam wa Kitengo hakuvaa saa. Mwalimu mzima, mkono mtupu. Ukimuuliza ni saa ngapi, alikutazama kana kwamba umemuuliza umri wake. "Kwani huna masikio? Ngoja kiwanda kikuambie."

Na kweli kiwanda kilituambia. Shule ilikuwa katikati ya shamba kubwa la chai huku Kericho, kiwanda kikiwa ng'ambo ya bonde, na king'ora chake kilisikika mpaka kwa wakulima wadogo walio nje ya mipaka ya shamba. Kikilia mchana, sisi wachumaji tuliweka vikapu chini tukala. Kikilia jioni, kazi imekwisha, kila mtu kwake. Nimechuma chai pale tangu nikiwa msichana, na sikumbuki mtu aliyehitaji saa. Aliyevaa saa alikuwa anajipamba tu.

Kitengo kilikuwa lile darasa la kando, mwisho kabisa wa shule, ukutani kwa jiko, la watoto ambao hawangeweza kufuata wenzao. Wengine hawasemi, wengine wanatembea kwa shida, wengine akili inakwenda polepole. Moshi wa jiko uliingia humo wote. Watoto wa madarasa mengine waliliita darasa la wazimu, mpaka siku Madam alipotoka nje akiwa ameshika mwiko wa mpishi. Hakumpiga mtu. Aliuliza tu, "Nani amesema?" Tangu siku hiyo waliliita Kitengo, kwa adabu zote.

Mimi nilimjua kwa ajili ya binti yangu, Akoth. Huko kwetu kando ya ziwa jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na hapa Kericho hiyo si habari, watoto wote wangeitwa Akoth. Hasemi. Anasikia vizuri, hata panya akipita juu ya dari anasikia, lakini hasemi. Kichwa hataki kiguswe. Na shida kubwa kuliko zote ilikuwa kula. Si kwamba alikataa chakula, hapana. Hakujua kwamba wakati wa kula umefika. Ungeweka ugali mbele yake akautazama mpaka ukauke. Ukimlazimisha, vita. Nimeumwa vidole na huyu mtoto mpaka wenzangu mashambani wakaniuliza kama nafuga mbwa.

Madam alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, Mkipsigis wa upande wa Kaplong, na Mungu alimpa sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Kwa watoto aliikunja sauti hiyo akaiweka mfukoni. Kwetu sisi wazazi, na kwa wakubwa, aliifungua yote. Mwalimu mkuu mmoja alimwomba siku ya wageni awafungie watoto wa Kitengo ndani, eti wasiaibishe shule. Madam akaitika, "Sawa, mwalimu." Wageni walipofika, wakakuta watoto wa Kitengo wamepangwa mstari wa mbele kabisa, wamepakwa mafuta wanang'aa, wanasalimu mmoja mmoja. Kuna mmoja aliyesalimu watu kwa kunusa mkono. Mgeni wa heshima, mtu wa suti na tai, hakujua mkono auweke wapi baada ya hapo. Madam alisimama pembeni, macho chini, mpole kama mchumba anayetolewa mahari.

Alikuwa na neno lake moja ambalo mpaka leo naamka nalo. Nililisikia mara ya kwanza alipoacha kazi zake akanisindikiza kumtafutia Akoth shule. Maana kabla ya Kitengo nilikuwa nimezunguka. Kituo cha kupima watoto pale Kericho mjini walimtazama wakasema anahitaji mahali panapomfaa. Asante sana! Hata mimi nilijua. Mahali penyewe ndipo wapi? Shule ya viziwi wakasema huyu anasikia, si wetu. Shule ya kawaida wakasema arudi akianza kusema. Shule ya bweni ya watoto kama yeye wakasema imejaa, na mlinzi aliniambia hayo getini, hata ndani sikuingia. Mimi nilikuwa nimezoea kuingia ofisi za watu nimeinama. Samahani mwalimu, pole kwa kukusumbua mwalimu, nisamehe nimekuja na mtoto hivi. Madam akanishika kiwiko mlangoni mwa ofisi moja akaninyoosha, kwa nguvu, mpaka mgongo ukalia.

"Mama Akoth," akasema, "tumekuja kuomba nafasi. Hatukuja kuomba msamaha."

Tulinyimwa nafasi hiyo vilevile, wacha nikuambie ukweli. Lakini nilitoka mle nimesimama wima. Ndipo Madam akasema basi, aje kwangu, nitambana hapohapo kwenye moshi.

Wazazi wengine walimlalamikia. Mtoto yuko shuleni mwaka mzima na hajui hata A! Baba wa mtoto mmoja, dereva wa trekta, alikuja kumfokea mbele ya darasa. Madam akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwita yule mtoto, akamwambia, "Vaa shati." Mtoto akavaa, akafunga vifungo vyote, cha juu kabisa kikamshinda kidogo halafu kikaingia. Yule baba alikuwa akimvalisha mwanawe kila asubuhi tangu azaliwe. Akasimama pale mdomo wazi. "A ataila?" Madam akamuuliza. "Au ataivaa?" Huo ndio ulikuwa mtaala wake. Kunawa mikono, kwenda choo, vifungo, kusalimu, kula, kuosha sahani yako, kubeba mfuko wako, kwenda kwenu.

Mtu wa ajabu, nakwambia. Aliishi katikati ya chai na hakunywa chai. Hata tone. Ukimkaribisha nyumbani umemchemshia chai ya maziwa nzuri, anakuomba maji ya moto, au anatoa kwenye kikapu chake kibuyu cha mursik, yale maziwa yao yaliyogandishwa kwa mkaa, anakunywa ya kwake. "Chai ni ya kuuza," alisema. Wakati huohuo hakuna aliyeisifu chai kama yeye. Chai haiishi. Mahindi yanaliwa na viwavi, ng'ombe anakufa, mume anatoroka, lakini kichaka cha chai ukikikata leo kesho kina majani. Wazungu waliondoka, chai ikabaki. "Muda wote dunia inakunywa chai," alisema, "kile kiwanda kitalia." Sisi tuliitikia. Nani angebisha? Tulikuwa tunakula kwa hiyo chai.

Na dini alikuwa nayo ya kutosha, Jumapili hakosi, lakini alikuwa na mipaka yake. Kulikuja mhubiri kambini kwetu, kwenye nyumba za wachumaji, akasema Akoth ana pepo la ububu, akataka kumwekea mikono kichwani, kile kichwa kisichoguswa. Mtoto anapiga nduru, watu wanaimba. Sijui nani alikimbia kumwita Madam. Alifika na leso ya jikoni begani, akapita katikati ya waimbaji, akasimama mbele ya uso wa mhubiri. "Mtumishi, huyu mtoto amekula?" Mhubiri akasema hajui. "Basi mimi najua pepo lake. Linaitwa njaa." Akamshika mkono Akoth wakaondoka. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani mstari wa mbele, anaimba kuliko wote.

Sasa nije kwenye king'ora, kwa maana ndicho chenyewe.

Madam aligundua kwamba watoto wake wote, hata wale ambao ukiwaita hawageuki, waligeuka kiwanda kilipolia. Sauti ile haikosi siku. Haina hasira leo na furaha kesho, haigusi mtu kichwa. Basi akajenga darasa zima juu yake. King'ora cha mchana kikilia: simama, nawa mikono, keti, kula. King'ora cha jioni kikilia: beba mfuko, nenda nyumbani. Yeye mwenyewe alinyamaza kabisa, akaacha kiwanda kifundishe. Miezi ilipita hakuna kitu. Halafu siku moja nikaitwa mashambani, kimbia shuleni, nikajua mwanangu amekufa. Nilipofika nikakuta Akoth amekaa na sahani, peke yake, hakuna aliyemshika, anakula. Anakula! Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, na Madam akanigombeza kwamba namharibia somo.

Tangu hapo nyumbani kwangu kulikuwa na amani. Jumamosi akiwa kambini, kiwanda kikilia anakwenda kunawa. Jioni kikilia, hata awe amekaa mlangoni kwa jirani, anabeba mfuko wake anakuja moja kwa moja mpaka kwenye nyumba yetu, ile ya mlango wa kijani. Kambi nzima milango ilikuwa ya kijani, na hakuwahi kukosea. Watu walikuja kumtazama Madam anavyofanya kazi, na mimi nilimsifu kila mahali. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tulimlea na kiwanda.

Halafu mashine zikaja. Mashine moja ya kukata chai inafanya kazi ya watu wengi, na haiumwi mgongo wala haina mtoto. Wachumaji tukapunguzwa, kundi baada ya kundi. Na katika shamba la chai nyumba ni ya kazi: ukiondolewa kazini, nyumba unaiacha, na ukiiacha nyumba, mtoto ameiacha shule. Kila kundi lililoondoka liliondoka na watoto wa Kitengo. Mwisho chai yetu ikaanza kupelekwa kiwanda kingine cha mbali, kile cha kwetu kikafungwa. Hakuna aliyetutangazia. Tulijua siku ambayo mchana ulifika na hakukulia kitu.

Siku hiyo watoto waliobaki kwa Madam hawakula. Walikaa wameelekeza masikio bondeni. Madam akagonga kengele ya shule, wakamtazama. Akagonga sufuria. Akawanawisha mwenyewe, akawakalisha, wakakaa na vijiko mkononi. Jioni wenzao walikwenda nyumbani na hao wakabaki darasani mpaka wazazi tukaja kuwachukua. Akoth nilimbeba mgongoni anapiga mateke, mtoto mkubwa karibu ananizidi mimi. Muda si mrefu ofisi ikasema watoto wamekuwa wachache mno, Kitengo kifungwe, naye akapewa uhamisho, na baada ya uhamisho akastaafu. Mwiko alimrudishia mpishi.

Sisi nasi tuliondolewa kazini, tukaiacha nyumba, na mume wangu alirudi kwao ziwani kuangalia shamba la baba yake. Mimi nilibaki. Nilikodisha chumba Sigowet, hukuhuku Kericho, nauza omena, dagaa wa ziwani, na mboga sokoni, na ukiniuliza kwa nini sikurudi nitakuambia: kwa ajili ya shule. Cheka ukitaka. Nilifikiri huku ndiko kuna watu wanaojua watoto kama Akoth, ni suala la kutafuta tu. Nikatafuta. Shule ya karibu na soko ilimpokea, na mwalimu wake, kijana mzuri tu, alijitahidi mpaka nikamwonea huruma, lakini darasa limejaa hadi dirishani, na Akoth anakaa mchana kutwa bila kutia kitu mdomoni, anasikiliza. Nyumbani usiku namlisha kwa vita ileile ya zamani. Vidole vyangu vikarudi kuwa na alama. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Nadhani kuna mtu kama Akoth walikuwa wanamtazama.

Halafu bweni likapata nafasi, lile lile la mlinzi wa getini. Nilishukuru Mungu kwa sauti barabarani. Kabla hata shuka hazijazoea kitanda, matron akanipigia simu. "Mama, kuja umchukue huyu mtoto. Hali chochote. Tumempeleka zahanati wamemwekea maji. Sisi hatutaki mtoto atufie hapa." Nikamwambia kuhusu king'ora. Akasema kwa upole, na upole wake ndio uliniua, "Mama, hapa tuna kengele."

Nilipomchukua alikuwa mwepesi. Kutoka hapo sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kaplong.

Kwa Madam hapakuwa pagumu kupata. Uliza tu mwalimu mwenye sauti. Nilimkuta anakata nyasi za ng'ombe, amezeeka haraka, amekonda, kitambaa kichwani. Na mkononi, haki ya Mungu, alikuwa na saa! Kubwa, ya dhahabu ya uongo, inateleza mpaka kwenye kiwiko.

"Walimu walinipa nikistaafu," akasema alipoona natazama. "Naivaa tu. Ilisimama zamani. Chamgei, Mama Akoth. Chamgei, Akoth." Akatusalimu hivyo kwa lugha yao, akasimama mbali kidogo asimguse kichwa. Hakuwa amesahau. Akamtazama mtoto kuanzia miguuni kwenda juu, na alipofika usoni nikaona panga linamshuka mkononi.

Nilimweleza yote tukiwa tumekaa kwenye viti nje ya jiko. Soko, darasa, bweni, maji ya zahanati. Hakunikatiza hata mara moja, na hilo halikuwa jambo lake. Nilipomaliza akavuta kitambaa chake mbele kidogo.

"Leo ni mimi ninayeomba msamaha," akasema.

"Madam, wewe ulimfundisha kula."

"Nilimfundisha kula kiwanda kikilia. Kiwanda si changu. Ningemfundisha akimwona mama yake, au akisikia harufu ya chakula, au hata akisikia njaa yake mwenyewe. Ingechukua miaka, lakini ingekuwa yake. Mimi nikachukua ya haraka." Akapangusa pua kwa mkono wenye saa. "Nilisema chai haiishi. Na haijaisha, itazame imejaa kote. Sisi ndio tumeisha."

Aliingia jikoni akatoka na ugali, sukumawiki na kikombe cha mursik, akaviweka kwenye stuli mbele ya Akoth. Akoth akavitazama. Tulingoja. Kuku walikuja wakafukuzwa. Ugali ukaanza kushika ngozi juu.

"Mshike usimwache anione," Madam akaniambia, akaenda nyuma ya zizi la ng'ombe.

Halafu nikakisikia. Kilianza chini kabisa, kama kilivyoanza siku zote, kikapanda polepole, kikafika juu kikakaa, kikakaa, mpaka nywele zikanisimama. Ilikuwa ni ile sauti yake ya kuita ng'ombe, ameinyoosha mpaka ikawa kiwanda. Mbwa wa majirani walibweka, mtu akaita kutoka ng'ambo kuuliza kuna msiba gani. Kikashuka, kikakatika pale pale kilipokuwa kikikatika. Na mimi, mtu mzima niliyefukuzwa kazi, mikono yangu ilikuwa imeshaenda mgongoni kutua kikapu.

Akoth alisimama. Akatafuta maji kwa macho, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono, akaja akaketi. Akala. Alikula ugali wote, mboga zote, akanywa mursik mpaka mwisho, na masharubu meupe yakambaki mdomoni. Nilijiziba mdomo kwa leso nisimharibie somo.

Madam alirudi amejishika kifua, anahema. Hakukaa. Tukamtazama mtoto anaosha sahani yake, anaifunika stulini. Kisha akachukua mfuko wake aliokuja nao kutoka bweni, akauvaa mgongoni, akavuta kigogo karibu na lango, akakaa ameelekea barabarani, sikio moja limeinuka.

"Anafanya nini?" nikauliza. Jibu nililijua.

"Anangoja cha pili."

"Basi kilize, Madam. Tafadhali. Kilize apumzike."

Akanigeukia. Sauti yote ilikuwa imemwisha, maneno yalitoka kwa kunong'ona, kama alivyokuwa akisema na watoto.

"Nikikiliza ataondoka kwenda nyumbani, Mama Akoth. Kwenye mlango wa kijani. Na mimi nitamwambia nini akifika?"

Tulisimama pale sisi wawili, ng'ombe wanataka kukamuliwa, na Akoth akiwa langoni na mfuko wake mgongoni, ameshiba, anangoja.